Umeanza Dawa za Parkinson? Anza Hivi

Daktari amekuandikia levodopa pamoja na kabidopa. Ni dawa nzuri, na kwa zaidi ya nusu karne imewarudisha watu kwenye shughuli zao. Ukijua mapema itakupa nini na itakusumbua wapi, hutaiacha njiani.

Jua cha kutegemea. Levodopa haiponyi Parkinson. Inaupa ubongo dopamini iliyopungua, hivyo mwili uliokaza hulegea na uzito wa kutembea hupungua. Kutetemeka kunaweza kubaki kiasi. Matatizo ya choo, usingizi na huzuni yataje kliniki, yana tiba yake.

Sema unachotaka. Badala ya “nataka nafuu”, taja kazi mbili au tatu: kufunga vifungo vya shati, kugeuka kitandani, kwenda sokoni kwa miguu. Hizo ndizo utakazopimia maendeleo.

Ipe dawa muda. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Usiihukumu kwa siku tatu. Ukiona mkojo au jasho limekuwa jeusi au jekundu kiasi, usishtuke, ni rangi ya dawa. Mkojo ukiwa na damu au maumivu, nenda hospitali.

Kichefuchefu kikikusumbua, meza dawa na biskuti au kipande cha mkate. Usijinunulie metoklopramidi, ile wengi wanayoiita Plasil. Inazuia dopamini na itakurudisha nyuma. Muulize daktari dawa mbadala.

Inuka kwa hatua. Dawa inaweza kushusha presha unaposimama. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, subiri kidogo, kisha simama ukishika kitu.

Linda saa zako. Weka alamu kwenye simu. Tumbo likishaizoea, meza dawa nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Nyama, maharage na maziwa vinaweza kuipunguzia nguvu vikiliwa pamoja nayo. Huna haja ya kuviacha, vitenganishe tu. Vidonge vya madini ya chuma navyo vipishe kwa saa mbili.

Andika kwenye daftari. Saa uliyomeza, saa mwili ulipolegea, saa ulipokaza tena. Baada ya miaka, dawa inaweza kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, au mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe. Kujinyonganyonga si kutetemeka, na mara nyingi huja dawa ikiwa imepanda sana. Daktari akiona saa, atajua pa kurekebisha.

Mpe mtu wa nyumbani kazi ya kukuangalia. Dawa za Parkinson, hasa zile nyingine ziitwazo pramipeksoli na ropiniroli, zinaweza kumfanya mtu abeti bila kujizuia, anunue ovyo, azidiwe na hamu ya ngono, au asinzie ghafla. Nyingine humfanya aone watu wasiokuwepo. Huo si utovu wa maadili, ni dawa. Usione aibu, sema mapema. Kama unasinzia ghafla, usiendeshe gari wala pikipiki.

Usikatishe ghafla. Hata ukichoka na maudhi yake, dozi hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo. Kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa. Hali hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Nunua dawa nyingine ikiwa bado umebakiwa na za wiki nzima.

Taja na dawa za mitishamba. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili. Ukizichanganya na vidonge, hutajua umemeza kiasi gani.

Siku ya kliniki, beba daftari, pakiti zote za dawa na yule anayekuangalia. Anza na lile linalokusumbua zaidi, na usitoke kabla hujaelewa dozi mpya na saa za kuimeza.