SANAA NI DAWA YA JERAHA LISILOONEKANA

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akivunjika mguu, kila mmoja huona bandeji na kumpisha njiani. Lakini mtu akivunjika moyo, aghalabu huambiwa, "Jikaze!" Kisha basi. Katika makala haya nitaeleza jinsi uchoraji, uandishi, nyimbo na maigizo yanavyotumika kumsaidia aliyeumia moyoni. Nimeyagawa katika sehemu nne ili yasomeke kwa urahisi.

1. Maana yake

Tiba ya sanaa ni njia ya kumsaidia mtu kutoa yaliyo moyoni kwa kutumia sanaa, huku akiongozwa na mtaalamu aliyeisomea kazi hiyo. Tusiichanganye na somo la uchoraji. Darasani mwalimu hutoa alama. Huku hakuna alama, na hakuna picha mbaya. Ukichora ng'ombe akafanana na meza, hakuna atakayekucheka.

Jamani, jambo hili si geni kwetu. Katika fasihi simulizi tumesoma mbolezi, nyimbo zinazoimbwa matangani. Wazee wetu walijua kwamba machozi yakipewa wimbo, hayamlemei mtu mmoja peke yake.

2. Ilikotoka

Mchoraji mmoja wa Uingereza, Adrian Hill, aliugua kifua kikuu akalazwa. Akiwa kitandani alichora, akaona moyo umepata nafuu, akawashawishi na wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 ndipo alipoanza kuiita kazi hiyo tiba ya sanaa.

Mwaka huo huo, Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi mzaliwa wa Vienna, alipelekwa katika kambi ya Wanazi ya Terezín, katika nchi iitwayo leo Cheki. Huko aliwafundisha watoto kuchora. Aliwataka watie majina yao kwenye picha, maana katika kambi ile watu walikuwa wamegeuzwa kuwa nambari tu. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa. Kabla ya kuondoka aliacha masanduku mawili yenye picha zaidi ya 4,000. Wengi wa watoto wale waliuawa pia. Basi tusidanganyane: sanaa haikuwaokoa na kifo. Lakini iliwapa saa chache za kuwa watoto, na majina yao yangali yanasomeka.

Hapa kwetu, Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Gerezani alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani. Mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina Sauti ya Dhiki. Hakuwa na daktari wa moyo mle ndani. Alikuwa na kalamu.

3. Inavyofanya kazi

Kwanza, sanaa humsaidia asiyepata maneno, hasa mtoto. Pili, huzuni ikishawekwa kwenye karatasi, mtu huweza kuitazama kwa mbali, akaikunja, akaiweka kando. Tatu, kuandika huyapanga mambo yaliyovurugika, yakapata mwanzo na mwisho.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha utafiti mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne. Wengine waliandika juu ya mambo mazito yaliyowapata, wengine mambo ya kawaida tu. Walioandika mambo mazito walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata waliokuwa wameeleza tukio pamoja na hisia zao walienda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo si kubwa, wala haimfikii kila mtu.

Nami nina ushahidi wa nyumbani. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Mdogo wangu, wakati huo akiwa na miaka saba, aliacha kuzungumza kabisa. Majirani wakasema, "Huyo ni mtoto, atasahau." Mama akampeleka kwa mshauri wa hospitali. Mama yule alimpa karatasi na krayoni, akakaa kando. Mtoto akachora baiskeli ya baba, haina mtu juu yake. Juma lililofuata, baiskeli tena. Mshauri hakuuliza, "Kwa nini baiskeli tu?" Alisema, "Hebu niambie kuhusu picha yako." Akangoja. Juma la tano mtoto akasema, "Sasa nani atatia gurudumu upepo?"

Mama alilia pale pale. Lakini kumbe lile swali ndilo lililokuwa limemkaba mtoto! Jioni hiyo tuliisukuma ile baiskeli sote watatu hadi kwa fundi. Sisemi amepona. Bado kuna siku hunyamaza. Ila sasa anaponyamaza, tunajua mahali pa kuweka karatasi.

4. Jinsi ya kujaribu

Haya basi, ukiwa na uzito wa kawaida moyoni, fuata hatua hizi:

(a) Tafuta mahali tulivu na dakika 15.
(b) Andika au chora bila kufuta. Usijali hati, tahajia wala vina.
(c) Ukizidiwa, acha. Si lazima umalize.
(d) Karatasi ni yako. Ichane ukitaka, ama mwonyeshe unayemwamini.

Ukimsaidia mwenzako, usimlazimishe, wala usijifanye mganga wa kuzifasiri picha. Rangi nyeusi huenda ni kwa sababu krayoni nyingine zimekwisha! Na mtu akikuambia kwamba anataka kujidhuru, hapo si pa kuchora. Usimwache peke yake. Mwite mwalimu, mzazi au daktari mara moja. Sanaa ni msaidizi wa tiba, haichukui nafasi ya hospitali.

Ombi langu kwa chama ni moja. Sisi wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na wengine hurudi kwenye matanga, ugomvi au njaa. Tutenge kipindi kimoja kila wiki cha kuandika bila kusahihishwa. Kalamu nyekundu ipumzike kidogo.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya somo la uchoraji na tiba ya sanaa.
2. Kwa nini mshauri alisema "niambie kuhusu picha yako" badala ya kuuliza maswali mengi?
3. Taja mbolezi moja ya jamii yako, na ueleze inavyowafariji wafiwa.

Kalamu yangu naiweka chini hapa.