Kuwatafuta Wazee Wetu Kusini

Soma: Nehemia 2:1-8; 7:61-65

Nehemia alipomweleza mfalme huzuni yake, alitaja makaburi ya baba zake. Sisi tunaokaa Temeke, Mbagala na Kinondoni twamwelewa, maana wengi wetu wazee wetu wamelala Masasi au Newala, na watoto wetu hawajapaona. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, hatungoji tena pantoni. Udhuru umepungua.

Lakini tujue tunatafuta nini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akapitia Lindi ili wapate kurudi pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Mwaka 1882 wakashambuliwa na Magwangwara, na baadhi yao wakahamia Newala. Basi asemaye "asili yetu Masasi" pengine mababu zake walitoka mbali zaidi. Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri, mwaka 1890, alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akalelewa Unguja, kisha akaenda kuhudumu Chitangali kati ya Wayao wenzake.

Daftari la ubatizo husaidia, kwa kuwa huandikwa siku, wazazi na wadhamini. Ila usiende na neno la "babu yetu Yohana" tu; kina Yohana ni wengi mno. Kabla ya kusafiri, waulize wazee walioko hapa mjini jina lake la utotoni, na jina alilopewa jandoni. Tena Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Anayeuliza habari za baba wa baba peke yake atarudi na nusu ya habari, na huenda ni ile nusu ndogo. Mtafute mjomba, na bibi mzaa mama. Kilo ya sukari mkononi si rushwa.

Jambo jingine ni mahame. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo kijiji kilichoandikwa katika karatasi zako huenda sicho yalipo makaburi. Omba mtu akupeleke kwenye mahame, akuonyeshe mwembe wa nani ni upi. Wanaoijua miembe hiyo wanapungua kila mwaka.

Pengine utafika mahali njia inapokatika: babu aliyekombolewa, jina moja tu, kabila la kukisia. Wazee wengine hunyamaza hapo kwa aibu, nasi tusiwaulize mbele ya watu kama fulani alikuwa mtumwa. Tungoje jioni, tukiwa wawili. Katika Nehemia 7 wapo watu wa Tel-mela na Tel-harsha, 642 pamoja na wenzao, walioshindwa kuonyesha nyumba za baba zao. Hata hivyo walihesabiwa pamoja na waliorudi. Waliozuiwa kwa kukosa orodha ni makuhani tu. Habari ya namna hiyo nayo iandikwe katika daftari la nyumbani jinsi ilivyo, bila kubuni jina la kuziba pengo.

Wengi husafiri Desemba kwa ajili ya Krismasi. Lakini mvua huwa zimeanza na majani yamefunika mahame. Julai na Agosti ni afadhali: mavuno yamekwisha, korosho bado, na wazee wana nafasi ya kukaa barazani.