Kurusha Ndege Nyuki Karibu na Njia za Umeme wa Msongo Mkubwa

Ndege nyuki zimekuwa vyombo vya kazi nchini mwetu. Mpima ardhi huzitumia kuchora ramani, mkulima kunyunyizia dawa shambani, na mpiga picha kurekodi sherehe. Zimetumika pia kupambana na kwelea kwelea wanaovamia mashamba ya nafaka. Wakati huohuo, Gridi ya Taifa inaendelea kupanuka, na njia za msongo wa kilovolti 132, 220 na 400 hupita juu ya mashamba, vijiji na viunga vya miji. Kwa hiyo ndege nyuki na nyaya za umeme hukutana angani mara nyingi kuliko ilivyokuwa zamani.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza kwa nini njia ya umeme ni hatari hata isipoguswa, kukadiria umbali wa usalama, na kuchukua hatua sahihi ndege nyuki yake inaponasa kwenye nyaya.

1. Itambue njia ya umeme

Umeme husafirishwa kutoka kwenye mitambo ya kuzalisha hadi kwenye vituo vya kupoza umeme kwa njia za msongo mkubwa. Kutoka hapo msongo hushushwa hadi kilovolti 33 au 11, kisha hushushwa tena na transfoma za mitaani hadi volti 400 na 230 tunazotumia majumbani. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, husafirishwa kwenda Chalinze kwa njia ya kilovolti 400.

Huhitaji kuwa fundi ili kutofautisha njia hizi. Njia za msongo mkubwa hubebwa na minara ya chuma, na nyaya zake huning'inia kwenye minyororo ya vikombe. Kadiri mnyororo wa vikombe unavyokuwa mrefu, ndivyo msongo unavyokuwa mkubwa. Juu kabisa ya mnara hupita waya mwembamba zaidi, au nyaya mbili, wa kukinga radi. Mara nyingi waya huo hubeba pia nyuzi za mawasiliano. Rubani ambaye macho yake yako kwenye nyaya nene za chini huusahau waya huu kwa urahisi, na ndio ulio juu kuliko nyingine zote.

2. Hatari nne za kuzingatia

Ya kwanza ni umeme kuruka hewani. Ndege anaweza kutua juu ya waya mmoja na kuondoka salama kwa sababu mwili wake haugusi kitu kingine chenye msongo tofauti. Hali hubadilika kitu kinapoziba sehemu ya nafasi iliyopo kati ya waya na waya, au kati ya waya na mnara. Hewa huzuia umeme, lakini kizuizi hicho kina kikomo. Fremu ya nyuzi za kaboni, nyaya za ndani na betri za ndege nyuki hupitisha umeme, na zikiingia kwenye nafasi hiyo hupunguza upana wa hewa inayozuia. Mwako wa umeme unaweza kutokea hata kabla ya chombo kugusa waya. Vumbi, unyevu na moshi wa moto wa nyasi huongeza hatari hiyo.

Ya pili ni kutoonekana kwa waya. Waya wa kijivu mbele ya anga la kijivu hupotea machoni, na kwenye skrini ya simu hupotea zaidi. Vihisi vya kukwepa vizuizi vilivyo kwenye ndege nyuki nyingi hutambua ukuta au mti mkubwa, lakini huweza kushindwa kutambua waya mwembamba. Tena, waya haukai mahali pamoja. Jua na mzigo mkubwa wa umeme huupasha joto, nao hurefuka na kulegea. Chukulia waya ulioning'inia kati ya minara iliyoachana kwa mita 300, ukiwa umelegea mita 8 katikati. Joto lake likipanda kwa nyuzi 40 za selsiasi, unaweza kushuka kwa mita moja au zaidi. Kwa hiyo nafasi uliyoiona asubuhi siyo lazima uikute saa nane mchana. Upepo nao huyumbisha nyaya kwa upande.

Ya tatu ni kuvurugika kwa dira na mawasiliano. Dira ya ndege nyuki hutegemea usumaku wa dunia, ambao ni hafifu. Chuma kingi cha mnara, pamoja na usumaku unaotokana na mkondo wa umeme kwenye nyaya, vinaweza kuipotosha. Dira ikipotoka, chombo huweza kuzunguka au kwenda upande ambao rubani hakuutaka. Aidha, mnara ukiwa kati ya rimoti na chombo huweza kudhoofisha mawasiliano kati yao.

Ya nne ni ndege nyuki kurudi yenyewe. Mawasiliano yakikatika au betri ikikaribia kwisha, ndege nyuki nyingi hurudi mahali ziliporukia kwa mstari ulionyooka na kwa kimo kilichowekwa na mtumiaji. Kimo hicho kikiwa mita 30 na njia ya umeme ikiwa katikati, chombo kitaelekea kwenye nyaya bila kusubiri amri ya mtu. Katika hatari zote nne, hii ndiyo inayoepukika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa marekebisho yake huchukua chini ya dakika moja kabla ya kuruka.

3. Chombo kidogo, hasara kubwa

Baadhi ya watumiaji hudhani kwamba ndege nyuki yenye uzito usiofika kilo moja haiwezi kudhuru mtambo mkubwa. Mfumo wa umeme haupimi hasara kwa uzito wa kitu. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru nchini Kenya. Transfoma hiyo ilijizima, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na kujizima pia, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Ndege nyuki nazo zimekwisha kuleta madhara ya namna hiyo. Mwishoni mwa Septemba 2022, katika kitongoji cha Browns Plains karibu na Brisbane nchini Australia, ndege nyuki iliyokuwa ikipeleka chakula kwa mteja ilitua juu ya waya wa kilovolti 11 na kuungua. Wateja wapatao 2,000 walikosa umeme kwa takribani dakika 45, na wengine wapatao 300 kwa saa tatu. Huo ulikuwa msongo wa kilovolti 11 tu.

Umeme unapokatika ghafla, jokofu la chanjo katika zahanati huanza kupoteza ubaridi, mgonjwa anayetegemea mashine ya hewa huingia hatarini, na pampu ya maji ya mji husimama. Watu hao hawakushiriki katika kurusha chombo, lakini hushiriki katika hasara yake.

4. Umbali gani unatosha?

Mwongozo huu unapendekeza kwa mtumiaji wa kawaida asikaribie nyaya au minara ya msongo mkubwa kwa chini ya mita 50, iwe kwa upande au kwa juu. Hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Chukulia chombo kinaruka kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Rubani huhitaji takribani sekunde 2 kutambua hatari na kugusa rimoti, na katika muda huo chombo kimekwenda mita 20. Mita 10 nyingine hupotea kikiwa kinapunguza mwendo. Mfumo wa GPS unaweza kukosea mahali kwa mita 5, na kuyumba kwa nyaya pamoja na msukumo wa upepo vinaweza kula mita 5 nyingine. Jumla ni mita 40. Mita 10 zinazobaki ndizo akiba. Aliyechagua umbali wa mita 30 hana akiba yoyote, hata kama siku zote amefika salama.

Ikibidi kuvuka njia ya umeme, vuka juu ya mnara na si katikati ya minara miwili. Mnara unaonekana, na hakuna waya ulio juu kuliko kilele chake. Katikati ya minara, jicho halina kitu cha kupimia umbali. Mnara ukiwa na kimo cha mita 50, kuvuka salama kunahitaji kimo cha mita 100, nacho bado kiko chini ya kikomo kilichozoeleka cha mita 120, yaani futi 400, kutoka ardhini. Kamwe usipite chini ya nyaya, wala kati ya waya na waya.

Ukaguzi wa nyaya kwa karibu ni kazi ya wataalamu waliofunzwa, wanaofanya kazi kwa makubaliano na mwenye njia. Mtumiaji wa kawaida asiuige.

5. Kabla na wakati wa kuruka

Hakikisha ndege nyuki yako imesajiliwa na una vibali vinavyotakiwa. Nchini Tanzania, msimamizi wa shughuli hizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kibali cha wizara yenye dhamana ya ulinzi nacho huhitajika. Kumbuka kwamba kibali cha kuruka siyo ruhusa ya kuingia kwenye mkuza wa njia ya umeme wala kuruka juu ya kituo cha kupoza umeme. Kwa hayo, wasiliana kwanza na ofisi ya TANESCO ya eneo lako.

Tembelea eneo kwa miguu kabla ya siku ya kazi. Fuata kila njia ya umeme kwa macho kutoka mnara hadi mnara, kisha ichore kwenye karatasi. Usitegemee ramani ya simu pekee.

Rekebisha dira mbali na minara, magari na mabati. Weka kimo cha kurudi kiwe angalau mita 50 juu ya mnara mrefu kuliko yote uliopo. Chagua mahali pa kurukia ambapo mstari wa kurudi hauvuki nyaya.

Wakati wa kuruka, tazama chombo chenyewe na si skrini peke yake. Awepo msaidizi ambaye kazi yake ni kuangalia nyaya tu. Tua wakati betri ingali na asilimia 30. Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu au mvua ikitishia, acha kuruka.

6. Ajali ikitokea

Ndege nyuki ikinasa kwenye nyaya au mnara, iache ilipo. Usiivute kwa kamba, usiisukume kwa mti mrefu, usiirushie mawe, wala usipande mnara. Mti mbichi na kamba yenye unyevu hupitisha umeme. Zuia watu wasikusanyike chini yake, hasa watoto, kisha piga simu ya dharura ya TANESCO. Ihifadhi namba hiyo kwenye simu yako kabla hujaondoka nyumbani.

Waya ukianguka chini, uchukulie kuwa una umeme hata kama umelala kimya. Ardhi inayouzunguka huweza kuwa na umeme pia, na tofauti ya msongo kati ya mguu mmoja na mwingine inaweza kuua. Kaa mbali kwa angalau mita 20. Ukijikuta karibu, ondoka kwa kuburuza nyayo taratibu huku miguu ikiwa imegusana, wala usikimbie.

Betri ikiwaka moto karibu na nyaya, usimwage maji. Piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ueleze kwamba moto uko kwenye njia ya umeme. Ndege nyuki ikiangukia ndani ya uzio wa kituo cha kupoza umeme, usiruke uzio kuifuata. Chombo hununuliwa tena.

7. Zoezi

Mpiga picha ameajiriwa kurekodi harusi katika ukumbi wa wazi. Njia ya kilovolti 220 inapita mita 80 kutoka ukumbini, na minara yake ina kimo cha mita 40. Familia ya bwana harusi inataka picha ya msafara wa magari ukiingia kutoka ng'ambo ya njia hiyo. Mpiga picha amepanga kurukia ukumbini, kuvuka katikati ya minara kwa kimo cha mita 60, na kimo cha kurudi ameweka mita 30.

Swali: Taja makosa matatu katika mpango huo, kisha pendekeza mpango ulio salama.

Jibu: Kwanza, kimo cha mita 60 kinaacha mita 20 tu juu ya kilele cha mnara. Pili, anavuka mahali ambapo jicho haliwezi kupima umbali. Tatu, kimo cha kurudi kiko chini ya kilele cha mnara, na mstari wa kurudi unavuka njia. Angeweza kuvuka juu ya mnara kwa kimo cha mita 90 na kuweka kimo cha kurudi hichohicho. Lakini mpango bora ni kutovuka kabisa: awafuate wageni kwa gari hadi ng'ambo ya njia, arukie huko kwa umbali usiopungua mita 50 kutoka kwenye nyaya, arekodi msafara, atue, kisha arudi ukumbini kwa gari.

Familia ikisisitiza, aieleze sababu kwa upole. Mteja mwenye busara hataki harusi ya mwanawe ikumbukwe kwa giza lililoingia kijijini usiku huo.