NYUMBA ILIYOACHWA NA MZAZI: NI YA NANI, NA IFANYWE NINI?

Hapana mji katika pwani yetu usiokuwa na nyumba ambayo mwenyewe amekufa zamani, na hata leo yaitwa nyumba ya marehemu. Mariakani nako zimo. Mji huu uko juu ya reli na barabara kuu iendayo Nairobi, una mizani ya malori, na wapangaji hawakosekani. Basi nyumba ya vyumba sita ni chumo la kila mwezi. Mzazi akisha kufa, aghlabu mtoto wa kiume aliye mkubwa hushika funguo na kukusanya kodi. Dada zake wameolewa, mama yumo katika chumba cha nyuma, na wote hunyamaza kwa kuchelea kuambiwa kuwa wamependa mali kuliko ndugu. Miaka yapita. Kunyamaza huku si subira wala si umoja wa jamaa. Ni hukumu iliyokwisha kupitishwa juu ya walio dhaifu pasina kadhi.

Watu huuliza, "Tuiuze au tuiweke?" Swali hili ni la pili. La kwanza ni, "Ni ya nani?" Na jawabu lake limo katika Sura ya An-Nisaa. Aya ya 7 yathibitisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali iwe chache au nyingi. Na aya za 11 na 12 zataja mafungu yenyewe. Mwenyezi Mungu hakuwaachia kaka wakubwa kazi hii.

Walakini kabla ya mirathi yana haki zake mambo matatu. La kwanza ni gharama ya kumzika maiti kwa kiasi. La pili ni madeni yake. Na miongoni mwa madeni ni mahari ya mke ambayo hayakulipwa, nayo hayasameheki kwa kusahauliwa. La tatu ni wasia, usiozidi thuluthi, wala usiwe wa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Ama karamu za matanga na arubaini, hizo si deni la maiti. Ikiwa warithi wana mayatima ndani yao, kila sahani iliyopakuliwa kwa mali isiyogawanywa ina haki ya yatima.

Sasa tutoe mfano. Mtu amekufa ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Saba yaliyobaki ni ya watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Basi wana wana manne, mabinti matatu, na mama yao moja: jumla manane. Tukadirie kuwa vyumba sita vyapangishwa kwa shilingi 4,000 kila kimoja. Kwa mwezi ni shilingi 24,000, na kila fungu ni shilingi 3,000. Kaka akizichukua zote kwa miaka 10, amekula shilingi 360,000 za kila dada, na kadiri hiyo hiyo za mama yake. Atoe alichotumia kwa kutengeneza bati na kuta. Kilichobaki kiko shingoni mwake. Na huyu huenda akawa wa safu ya mbele msikitini.

Husemwa, "Hiyo ndiyo mila yetu." Mila gani? Wadigo walikuwa wakimrithisha mpwa, mtoto wa dada, wakamwacha mwana. Waduruma walikuwa na koo za pande mbili, ya kuumeni na ya kukeni. Kwa Wagiriama mali ilishikwa na upande wa baba, na binti hakuhesabiwa. Mila hizi zapingana zenyewe kwa zenyewe. Na ajabu ni kuwa yule aliyefurahi sharia ilipomwondoa mpwa na kumpa mwana, ndiye huyo anayeikimbia sharia hiyo inapompa dada yake. Wala sisi wa mijini tusijione tumesalimika. Hatuna mila ya kutajia, nasi twafanya yayo hayo.

Yakisha kujulikana mafungu, ndipo yafaapo mashauri, na njia ni nne. Nyumba huweza kuuzwa na thamani yake kugawanywa. Huweza mrithi mmoja kununua mafungu ya wenziwe kwa bei ya haki iliyokadiriwa na mtu asiye wao. Huweza kuwekwa, ikapangishwa, na kodi ikagawanywa kila mwezi kwa daftari. Na anayekaa ndani alipe kodi ya mafungu yasiyokuwa yake. Na huweza kufanywa wakfu, lakini kila mmoja huweka wakfu fungu lake tu, wala hapana awezaye kuweka wakfu fungu la mtoto asiyebaleghe. Ama dada akisema "nimesamehe", kwanza apewe fungu lake mkononi, halafu tuone kama atalirudisha. Msamaha wa mtu asiyejua kiasi cha haki yake, au aliyeona haya mbele ya wazee, si wa kutegemewa. Na mjane asitolewe katika nyumba ya mumewe kabla ya kwisha eda yake, miezi minne na siku 10.

Pia yatupasa kuijua sheria ya nchi. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1981, na tangu marekebisho ya mwaka 1990 mali ya Mwislamu aliyekufa hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yampa kadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo wenye shauri wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Wala haijuzu kuuza nyumba au ardhi ya maiti kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi. Katika nchi hii ya Waduruma na Wagiriama nyumba nyingi zina Waislamu na wasio Waislamu. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu kwa sharia; basi mzazi ampendaye mtoto wake huyo na amuusie katika thuluthi angali hai, asiwaachie watoto wagombane juu ya kaburi lake.

Na kuchelewesha kuna hatari nyingine. Mrithi mmoja akifa kabla ya kugawanywa, fungu lake huingia kwa mkewe na wanawe. Akifa wa pili, vivyo hivyo. Nyumba iliyokuwa ya watu sita ikawa ya watu thelathini, na wengine hawajui hata mlango wake.

Basi ndugu msomaji, ikiwa funguo za nyumba ya namna hii ziko mfukoni mwako, chukua karatasi usiku huu, uandike majina ya warithi wote, na mbele ya kila jina fungu lake. Kisha waite, mwanzo wao mama na dada zako. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzirudisha haki za watu tungali na uwezo wa kuzirudisha. Amin.