SOMO: TULIPE KWA SIKU AU KWA KAZI?

Vikundi vingi hutuuliza: yule tuliyemwajiri, tumlipe kwa siku au kwa kiasi cha kazi aliyofanya? Wachumaji majani chai hulipwa kwa kilo, mlinzi naye kwa mwezi. Hebu tuangalie mifano miwili iliyochunguzwa na wataalamu wa uchumi.

Wa kwanza ni wa Marekani. Mafundi wa kampuni ya Safelite Glass, wanaoweka vioo vya mbele vya magari, walikuwa wakilipwa kwa saa. Mwaka 1994 na 1995 kampuni ikageuza, fundi akawa analipwa kwa kila kioo. Mtaalamu Edward Lazear alipopiga hesabu alikuta kazi ya kila fundi, kwa wastani, imepanda kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitoka kwa mafundi wale wale waliokaza mwendo. Sehemu nyingine ni kwa sababu wenye kasi walivutiwa na kazi hiyo. Na kioo kikiwekwa vibaya je? Aliyekiweka alijulikana, naye alikirudia bila malipo. Hapa tusimame kidogo, maana wengi hupapia ile asilimia 44 na kusahau jambo hili la kurudia.

Mfano wa pili uko kwetu, katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Mwaka 1998 na 1999 shirika moja lilitoa zawadi kwa walimu katika mpango wa shule za msingi 50, kufuatana na matokeo ya mitihani ya wilaya. Shule nyingine 50 hazikuingizwa, ili pawe na cha kulinganisha. Alama zilipanda kweli. Lakini walimu hawakufika shuleni mara nyingi zaidi ya hapo awali, wala hawakuongeza kazi ya nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kuwatayarisha watoto kwa mtihani. Zawadi zilipokwisha, faida ile ya alama haikudumu.

Sisi hatuwalaumu walimu. Kilichopimwa ni alama, nao wakashughulikia alama.

Sasa turudi kwa mashine yetu ya posho. Mkimlipa kijana wa mashine kwa gorogoro, atasaga sana, lakini nani atasimamisha kazi atie grisi? Muuza maziwa akilipwa kwa lita na hakuna kipimo, maji yataingia tu. Na mweka hazina akipewa marupurupu kwa kila mkopo unaotoka, ataangalia saa ngapi kama unarudi?

Katika mkutano ujao chagueni kazi moja tu ya kikundi. Andikeni upande mmoja yale yanayohesabika, na upande mwingine yasiyohesabika, kama vile usafi, kutunza vyombo, na kusema na wateja vizuri. Upande wa pili ukiwa mrefu, afadhali mshahara wa mwezi na mwanakikundi mmoja wa kukagua kila wiki.