Chumvi na Magadi katika Mashamba ya Maji



Mkulima aonapo shamba lake limekuwa jeupe kama lililonyunyiziwa unga, husema, "Udongo umeshikwa na chumvi," kisha huanza kutafuta dawa. Lakini weupe ule waweza kuwa dalili ya magonjwa mawili, na dawa ya ugonjwa mmoja huuzidisha ule wa pili. Mimi sikuyajua haya kwanza kwa kitabu. Niliyaona nyumbani kwetu, nayo yalitugharimu msimu mzima wa mpunga. Ndiyo maana nimeona yafaa kuwaandikia.

Jinsi chumvi ifikavyo shambani

Kwetu ni nchi tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Kahe. Mvua ni haba kuliko mlimani, hivyo twalima kwa maji ya mifereji yatokayo mitoni na kwenye chemchemi. Maji hayo yamepita katika mawe na udongo wa volkano, nayo huyeyusha chumvi kidogo kidogo na kuichukua. Ukiyanywa huonji kitu. Lakini hebu tufanye hesabu.

Tuseme kila lita ya maji ina nusu gramu ya chumvi, na shamba la ekari moja limepewa maji ya kina cha mita moja kwa msimu mzima. Hayo ni karibu lita 4,000,000. Basi chumvi iliyoingia ni gramu 2,000,000, yaani kilo 2,000, sawa na magunia 20 ya kilo mia mia! Jua hukausha maji, na mimea hunywa maji, lakini chumvi hairuki hewani pamoja nayo. Isipopata njia ya kutoka, hubaki pale pale.

Iko na njia ya pili, nayo yatoka chini. Tukimwagilia kupita kiasi pasipo mtaro wa kutolea maji, maji ya chini ya ardhi hupanda. Yakifika karibu na uso wa ardhi, kiasi cha mita moja au mbili, udongo huyavuta juu kama utambi wa taa uvutavyo mafuta. Jua huyakausha, na chumvi yake hubaki juu ikiwa ukoko mweupe.

Magonjwa mawili

Ugonjwa wa kwanza ni wa chumvi tu. Udongo huu kwa kawaida ni mwepesi na maji hupenya vizuri. Taabu yake ni kwamba chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini kwa urahisi, hata mmea huona kiu na huku umesimama katika tope. Ncha za majani huungua. Maharage na vitunguu hushindwa upesi. Mahindi hustahimili kidogo. Mtama na pamba hustahimili zaidi.

Ugonjwa wa pili ni wa magadi, ndugu wa magadi yale yale ambayo mama hutia katika makande ili yaive upesi. Hapa sodiamu imejishikiza katika chembe za udongo wa mfinyanzi, na kipimo cha pH mara nyingi hupita 8.5. Chembe zilizoshikwa na sodiamu hazipendi kukaa pamoja. Zikilowa hutawanyika na kuziba vitundu vyote ambamo maji na hewa hupita. Udongo huo ukilowa huteleza kama sabuni, ukikauka huwa mgumu kama tofali. Maji husimama juu yake siku nyingi, tena machafu. Pengine huonekana madoa meusi, kwa sababu magadi huyeyusha mboji.

Tena magonjwa haya mawili yaweza kukaa pamoja katika shamba moja, na hapo ndipo penye hatari. Chumvi ikiwa nyingi hushikilia zile chembe zisitawanyike, hata udongo ukaonekana mzima. Ukiuosha kwa maji matupu, chumvi hutoka, magadi hubaki, na udongo hujifunga.

Yaliyotupata

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye bidii, shamba lake lilikuwa jeupe. Alichimba mtaro, akalijaza maji na kuyatoa mara kadhaa, na msimu uliofuata akavuna vizuri. Baba alipoona hivyo, naye akafanya vile vile. Tulijaza jaruba zetu maji mara tatu. Mara ya kwanza yalipenya. Mara ya tatu yalisimama siku nne bila kupungua ila kwa jua, nayo yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Miche tuliyopanda iligeuka manjano ikafa. Duka moja lilimwuzia Baba mbolea zaidi, wala haikusaidia kitu. Baba akaanza kusema kwamba afadhali tuikodishe ardhi ile kwa wafyatua matofali.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Kilimo. Hakunipa jibu. Aliniambia, "Ukienda likizo, niletee udongo wa shamba lenu na wa jirani." Nikaleta makopo mawili.

Jaribio la chupa

Jaribio hili kila mmoja wenu aweza kulifanya. Chukua chupa mbili safi zinazoonyesha ndani. Tia katika kila moja vijiko vichache vya udongo mkavu uliopondwa, kisha maji safi ya mvua hadi karibu kujaa. Tikisa vizuri, uache mpaka kesho.

Asubuhi yake chupa ya udongo wa jirani ilikuwa na maji maangavu, na udongo wote umetulia chini. Chupa yetu ilikuwa bado na tope tupu. Ndipo mwalimu akanipa kijiko cha jasi iliyosagwa, akasema niitie katika chupa yetu na kutikisa tena. Baada ya muda tope likaanza kushikamana na kushuka, maji yakaangaza.

Sababu yake ni hii: jasi ina kalsiamu. Kalsiamu hushika nafasi ya sodiamu katika chembe za mfinyanzi, na chembe zikarudi kushikamana. Sodiamu iliyoachiliwa huyeyuka katika maji, na sasa yaweza kuoshwa itoke. Kwa hiyo shamba la magadi huoshwa pia, lakini jasi hutangulia.

Likizo iliyofuata nilimwambia Baba, "Naomba nikuonyeshe jambo." Niliogopa, maana si rahisi mtoto kumfundisha mzazi kazi aliyoifanya kabla mtoto hajazaliwa. Alizitazama zile chupa kitambo, akauliza, "Kumbe nililifunga shamba mwenyewe?" Nikamjibu kwamba dawa yake ilikuwa njema, ila ilikuwa ya ugonjwa wa jirani. Alicheka kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Tuanze na kipande kidogo."

Tulichokifanya

Kwanza tulichukua udongo mahali pengi shambani, wa kina cha sentimeta 20 hivi, tukauchanganya na kuupeleka maabara kupimwa, maana chupa hutoa dalili tu na maabara ndiyo itoayo hukumu. Udongo wenye chumvi nyingi pamoja na magadi waweza kuidanganya chupa. Vituo vya kupimia viko, kama kile cha utafiti wa udongo cha Mlingano mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro. Majibu yalipokuja yalithibitisha magadi.

Pili, tulichimba mtaro wa kutolea maji upande wa chini. Tatu, tulitia samadi na jasi katika robo ekari. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, si mbali na kwetu. Lakini kiasi chake si cha kukisia. Shamba lililougua sana huhitaji tani kadhaa kwa hekta, na gharama yake si ndogo. Ndiyo maana tulianza na robo ekari. Nne, ndipo tukaingiza maji ya kuosha.

Sitawadanganya kwamba shamba limepona. Mpunga umeota kwa mabaka, na sehemu nyingine bado ni tupu. Lakini maji yaliyokuwa yakisimama siku nne sasa hupenya kwa siku moja, na Baba hataji tena habari za matofali.

Basi, ndugu zangu, tukumbuke haya:

1. Weupe wa udongo ni dalili, si jina la ugonjwa.
2. Pima kwanza, ndipo utie dawa au mbolea.
3. Chumvi huondolewa kwa maji mema na mtaro. Magadi huondolewa kwa jasi, kisha maji na mtaro.
4. Pasipo mtaro, hakuna dawa itakayofaa, maana kilichooshwa kitarudi.
5. Usimwagilie kupita haja ya mmea. Maji ya ziada huinua chumvi iliyolala chini.

Wengi wetu hapa shuleni tumetoka katika nyumba za wakulima. Yafaa kila mmoja aende likizo na chupa mbili, akapime udongo wa kwao. Wazee wetu wanayajua mashamba yao kuliko sisi, lakini hawatakataa kuonyeshwa kwa heshima jambo wanaloweza kuliona kwa macho yao wenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne