Skrini Nyeusi Si Kompyuta Iliyokufa: Somo kwa Kamati Zinazopokea Kompyuta za Linux

Katika toleo hili tunaleta somo la vitendo kwa kamati za parokia, na kwa marafiki zetu wanaochangia vifaa vya ofisi, shule na zahanati. Linahusu tatizo moja linalovunja watu moyo: kompyuta imewekewa mfumo endeshi wa Linux, kazi imekwisha vizuri, fundi ameaga. Siku ya pili kompyuta inawashwa, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi.

Mara nyingi kinachofuata ni uamuzi wa haraka. Kompyuta hupelekwa stoo, na kwenye daftari la mali huandikwa “mbovu”. Mfadhili huarifiwa kwamba mchango wake haukufaa. Kumbe kompyuta ni nzima, na tatizo lingeweza kumalizika kwa neno moja lililoandikwa mahali panapotakiwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida, kwa kuwa hazina vifaa vinavyodaiwa na mfumo huo. Ofisi nyingi zinaziondoa kompyuta hizo zikiwa bado na nguvu, na nyingine hufika kwetu kama misaada. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutumika bila kulipia leseni, na matoleo yake kama Ubuntu, Debian na Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye mashine za namna hiyo. Wala si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa lugha yetu.

Basi tujifunze kutofautisha kompyuta iliyokufa na ile iliyofumba macho tu.

Fahamu safari ya kuwaka

Kompyuta haiwaki kwa mara moja. Hupita vituo vitano, na kila kituo hukabidhi kazi kwa kinachofuata:

1. Programu ndogo iliyomo kwenye ubao mkuu (BIOS au UEFI) hukagua vifaa. Hapa ndipo nembo ya mtengenezaji huonekana.
2. GRUB, yaani programu ya kuchagua mfumo, hupakia Linux.
3. Kiini cha Linux huamka na kutambua vifaa, ikiwemo kadi ya picha.
4. Huduma za mfumo huanza: diski, mtandao, saa na nyinginezo.
5. Ukurasa wa kuingilia hutokea, ukiomba jina na neno la siri.

Swali la kwanza la fundi mzuri ni: “Picha ilipotea katika kituo gani?” Asiyeuliza hivyo atabadilisha vitu kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza: anza na yaliyo nje

Kabla ya kugusa programu, hakikisheni mambo haya:

- Waya wa skrini umekaza pande zote mbili, na skrini imechaguliwa tundu lile lile lililochomekwa waya.
- Kompyuta ya mezani ikiwa na matundu ya picha mahali pawili, waya uchomekwe kwenye kadi ya picha iliyoongezwa, si kwenye ubao mkuu.
- Kwa kompyuta mpakato, ongezeni mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Kisha mulikeni skrini kwa tochi kwa pembeni. Mkiona maandishi hafifu, picha ipo. Taa ya nyuma ya skrini ndiyo imezimika.
- Nembo ya mtengenezaji inaonekana mnapowasha? Kama haionekani kabisa, Linux haihusiki, kwa sababu bado haijafikiwa. Zimeni, chomoeni umeme, ondoeni vumbi, kisha toeni vipande vya kumbukumbu (RAM) na kuvirudisha vikiwa vimekaza. Mlio wa biipu unaojirudia pia ni dalili ya kifaa.

Hatua ya pili: je, iko hai?

Skrini ikiwa nyeusi baada ya nembo kupita, subirini dakika mbili, kisha bonyezeni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila mnapobonyeza, Linux iko hai. Imekosa tu njia ya kuonyesha picha. Taa ikibaki kimya, huenda mfumo umekwama. (Kibodi nyingine hazina taa hiyo, kwa hizo pitieni hatua zinazofuata moja kwa moja.)

Mkiona kistari kidogo kinachomemeta kwenye kona ya juu bila GRUB kutokea, huenda kompyuta inatafuta mfumo kwenye diski isiyo yake. Ingieni kwenye mipangilio ya BIOS na kuangalia mpangilio wa diski za kuwashia. Angalieni pia kama Linux iliwekwa kwa njia ya UEFI huku kompyuta ikiwaka kwa njia ya zamani, au kinyume chake.

Hatua ya tatu: neno moja la kujaribu

Sababu inayotokea sana kwenye mfumo mpya ni kutoelewana kati ya Linux na kadi ya picha. Katika kituo cha tatu, kiini cha Linux huchukua usimamizi wa skrini kwa kutumia draiva, yaani programu inayojua lugha ya kadi hiyo. Draiva isipofaa, skrini huzimika hapo hapo, ingawa kazi nyingine zote zinaendelea. Kadi za NVIDIA zinajulikana kwa shida hii, lakini si hizo peke yake.

Fanyeni hivi:

1. Washeni kompyuta. Nembo ikipita tu, gusagusa kitufe cha Esc (kwa mashine za UEFI) au shikilia Shift (kwa zile za zamani) mpaka menyu ya GRUB itokee.
2. Mstari wa juu ukiwa umechaguliwa, bonyeza herufi e.
3. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Ndani yake mna maneno quiet splash.
4. Futa maneno hayo mawili, na mahali pake andika nomodeset.
5. Bonyeza Ctrl pamoja na X, au F10, ili kuwasha.

Neno nomodeset linaiambia Linux isiibadilishe skrini kwa draiva ya kadi, bali itumie picha ya msingi iliyoachwa na ubao mkuu. Kuondoa quiet splash kunafanya taarifa za kuwaka zionekane, hivyo hata mfumo ukikwama mtaona mstari wa mwisho. Upigeni picha kwa simu. Fundi aliye mbali anaweza kuutumia.

Badiliko hili ni la safari moja tu. Mkikosea, zimeni na kuwasha upya, kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa. Kwa hiyo msiogope kujaribu.

Hatua ya nne: gongo si mguu

Kompyuta ikiwaka kwa nomodeset, msishangilie mapema na kuiacha hivyo. Neno hilo ni kama gongo la mgonjwa: linamsaidia kusimama, lakini halimponyi. Picha huwa kubwa na zisizo safi, video huenda polepole, na mara nyingine mwanga wa skrini haurekebishiki. Dawa ni kuipatia kadi draiva yake.

Kwanza itambueni kadi. Fungueni dirisha la amri na kuandika:

lspci | grep -E "VGA|3D"

Kisha unganisheni kompyuta na intaneti:

- Kwenye Ubuntu, andikeni sudo ubuntu-drivers install. Kwenye Linux Mint, tumieni programu ya kusimamia draiva iliyomo kwenye menyu.
- Kwenye Debian yenye kadi ya AMD, hakikisheni kifurushi cha firmware-amd-graphics kipo. Matoleo ya kabla ya Debian 12 ya mwaka 2023 hayakuweka vifurushi vya namna hii kwenye diski ya kawaida ya kusakinishia, na wengi walipata skrini nyeusi kwa sababu hiyo.
- Kompyuta ikiwa na ulinzi wa Secure Boot, kuweka draiva ya NVIDIA kunaweza kuwataka mtunge neno la siri. Mkiwasha upya, ukurasa wa buluu hutokea kwa sekunde chache. Bonyezeni kitufe chochote, chagueni «Enroll MOK», na kuandika neno lile. Ukurasa huo ukipita bila kujibiwa, draiva haitapakiwa.

Baada ya hapo washeni upya bila nomodeset. Kama kadi ni ya zamani mno na hakuna draiva inayoifaa, ndipo gongo liwe la kudumu. Andikeni sudo nano /etc/default/grub, ongezeni nomodeset ndani ya alama za kunukuu kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, hifadhini, kisha andikeni sudo update-grub. Kwa barua za ofisi na hesabu za mhazini, kompyuta hiyo bado itafaa.

Hatua ya tano: kuingia kwa mlango wa nyuma

Pengine vituo vinne vimepita salama, na ni ukurasa wa kuingilia tu uliogoma. Bonyezeni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Likitokea ombi la jina kwa maandishi meupe, ingieni na kukagua:

- df -h huonyesha nafasi ya diski. Sehemu iliyoandikwa / ikiwa imejaa asilimia 100, ukurasa wa kuingilia unaweza kushindwa kufunguka. Amri sudo apt clean hupunguza mzigo.
- sudo dpkg --configure -a humalizia usakinishaji uliokatizwa. Hii yafaa sana pale umeme ulipokatika katikati ya kazi.
- systemctl status display-manager hueleza kama huduma ya ukurasa wa kuingilia imeanguka.
- journalctl -b -p err huorodhesha makosa ya kuwaka kwa mara hii.

Mlango huo nao ukifungwa, rudini kwenye GRUB, chagueni «Advanced options», na kujaribu mstari wenye maneno «recovery mode».

Mambo matatu ya kuepuka

Kwanza, msikimbilie kusakinisha upya. Tatizo la draiva litarudi lile lile, na nyaraka zilizokwisha kuwekwa zitapotea. Pili, msinakili amri msiyoielewa. Ombeni maelezo kwanza. Tatu, msibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana hamtajua lipi limeponya.

Wajibu wa kamati

Kinga ni bora kuliko tiba. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kabla ya kupokea mashine, mwambieni fundi aiwashe hivyo mbele yenu, akague picha, sauti, kibodi na mtandao. Kama picha imetokea tu baada ya kuchagua «safe graphics» kwenye menyu ya flashi, jueni mapema kwamba mfumo uliowekwa nao utahitaji msaada huo huo.

Kila kompyuta iwe na kadi yake iliyobandikwa ubavuni: aina na modeli, kadi ya picha, toleo la Linux, tarehe, na badiliko lolote lililofanywa. Fundi akihama, maarifa yasihame naye. Na kabla ya kuandika neno “mbovu” kwenye daftari la mali, kamati idai maelezo ya maandishi: picha ilipotea kituo gani, na nini kilijaribiwa?

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Mkiweza, tumeni kompyuta za modeli moja kuliko za modeli nyingi tofauti. Dawa iliyopatikana kwa moja huponya zote, na kipuri cha moja hufaa kwa nyingine. Tengeni pia fungu dogo la siku za fundi baada ya mashine kufika. Kompyuta kumi zisizo na mtu wa kuziamsha zina manufaa madogo kuliko tano zinazotumika kila siku.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika stoo yetu kuna kompyuta ngapi zilizoandikwa “mbovu”? Nani alizipima, na kwa njia gani?
2. Nani kati yetu, hasa miongoni mwa vijana, anaweza kufundishwa hatua tano za somo hili?
3. Nyaraka za parokia zina nakala ya akiba mahali pengine, hata kama kompyuta haitawaka kesho?
4. Taarifa yetu ijayo kwa mfadhili itaeleza nini juu ya vifaa alivyotupa?

Tunashauri kamati ianze na swali la kwanza wiki hii. Toeni kompyuta moja stoo, ifuteni vumbi, iwasheni, na kufuata vituo kimoja baada ya kingine.